Maji ya Juu, Maji ya Chini: Siku Nne Pangoni Lindi

Alhamisi

Simu ilitoka kwa fundi bomba mmoja wa Lindi, wiki mbili nyuma. "Kaka, wewe si ndiye unayezamia? Kuna pampu yetu imezama." Nikamwuliza imezama bahari ipi. Akacheka. "Si baharini. Pangoni."

Mimi ni mtu wa chumvi. Kuzamia nilijifunzia Mikindani, kazi nimefanya Msimbati, ndani ya hifadhi ya Ghuba ya Mnazi, na mkondo wa kule ukianza kuvuta najua nishike jiwe gani. Pango lenye maji baridi sijawahi kuliingia. Mtu mzima akiona hajui, anatafuta anayejua. Nikampigia dada mmoja wa Shangani, mzamiaji mwenzangu. Ndugu yake anaishi Florida, Marekani, na alipokwenda kumsalimia miaka michache iliyopita alitumia siku zake kusomea uzamiaji wa mapangoni kwenye chemchemi za kule. Wakati ule tulimcheka: mtu anapanda ndege mpaka Marekani kwenda kuoga kisimani!

Maneno yake ya kwanza kwenye simu hayakuwa salamu. "Kaka, baharini ukipata shida unakwenda juu. Kule, juu kuna jiwe. Umenielewa? Kama hujanielewa, usije."

Tumeondoka Mtwara saa kumi na mbili asubuhi na pikapu ya kukodi. Nyuma kuna mitungi minne ya lita 12, yote imejazwa bar 200 (bar ni kipimo cha mgandamizo wa hewa), tochi sita, kamba ya manila mita 60, na kigurudumu cha mshipi mweupe ambacho dada hakukubali kukiweka nyuma. Amekipakata mapajani njia nzima kama mtoto. Mikindani tumepita bado usingizini, Boma la Wajerumani la mwaka 1895 limekaa mlimani linatutazama. Kuanzia pale barabara ni mikorosho tu kushoto na kulia. Ni Oktoba, mabibo yanaanguka, na harufu yake inaingia dirishani tamu mpaka inakera.

Njiani dada akanisomesha. Sheria ya kwanza: mwanga wa mlangoni usipotee machoni. Ukigeuka usiuone, umeshatoka kwenye kazi tuliyokwenda kufanya na umeingia nyingine ambayo hatujaisomea. Ya pili ni mshipi, unaofungwa nje na kufunguliwa njia nzima bila kukatika. Ya tatu ni hewa: theluthi ya kuingilia, theluthi ya kutokea, na theluthi haiguswi, ni ya mwenzako siku kipumulio chake kikigoma. Sheria hizi, akasema, hazikutungwa mezani. Kulikuwa na Mmarekani wa Florida, Sheck Exley, aliyekaa akachambua vifo vya wazamiaji wa mapangoni kimoja kimoja akitafuta kosa lilianzia wapi, na makosa yakawa yaleyale yanajirudia: hakukuwa na mshipi, hewa haikugawiwa, watu walikwenda chini mno. Nikauliza yeye mwenyewe yuko wapi. "Alifia pangoni, Mexico, mwaka 1994. Alikuwa anatafuta kina ambacho hajafika mtu." Tukanyamaza mpaka Mnazi Mmoja, njia panda ya Masasi.

Kule Florida, akaendelea baadaye, kwenye midomo ya mapango kuna kibao chini ya maji chenye picha ya kifo kimeshika mundu, kinamwambia asiyesomea arudi. Nikamwambia pwani yetu hatuna haja ya kibao. Watoto wote wanajua kila pango lina mwenyewe.

Lindi tumekula wali na samaki, tukampakia fundi, tukaendelea kaskazini kupita Mchinga. Upande wa kushoto, mbali porini, ndiko Tendaguru, walikochimba Wajerumani kuanzia 1909 hadi 1913 yule mjusi mkubwa anayesimama Berlin mpaka leo. Fundi akasema pampu yake ikishindikana atamwita Mjerumani. Kijiji tulichokwenda sikitaji. Nitaeleza kwa nini.

Ijumaa

Leo hakuna kuzamia. Tulijua tangu Mtwara, maana Ijumaa haitoshi: asubuhi ni ya mwenyekiti na mtendaji, mchana ni msikiti, na alasiri ni ya mzee mwenye pango.

Mzee anatunza pango kama baba yake na babu yake walivyolitunza. Tulimkuta ukumbini kwake anasuka mkeka. "Shikamoo mzee." "Marahaba. Hamjambo wanangu. Mnakwenda kuwasumbua wenyewe?" Fundi akaeleza habari za pampu. Mzee akasikiliza mpaka mwisho, kisha akasema habari za pampu anazijua, alikuwepo ilipowekwa, na alisema neno siku ile na hakusikilizwa. Hakulirudia neno lenyewe. Tukaachiwa tulitafute.

Masharti akayatoa, moja baada ya jingine, huku vidole vinasuka. Viatu vivuliwe juu. Kusipigwe mluzi. Asiingie mtu peke yake. Isivaliwe nguo nyekundu. Kuingia ni jua likiwa utosini, na kabla halijainama watu wawe nje. Kamba ifungwe mlangoni kwenye mzizi wa mkuyu, na si kwenye jiwe. Na chini kusivurugwe.

Nikamtazama dada. Alikuwa anahesabu kwenye vidole vyake mwenyewe, midomo inacheza. Mluzi na nguo nyekundu havimo kwenye kozi ya Florida. Vinginevyo, karibu vyote vimo. Tukakubali yote, pamoja na nyekundu, jambo lililomaanisha mapezi yangu mapya, yaliyonigharimu kutoka Dar es Salaam, yalale kwenye gari. Nikaazima mapezi meusi ya dada ya akiba. Yalinibana. Kumbuka hili.

Likabaki swali ambalo mzee hakuliuliza mwenyewe. Mkewe, bibi mwembamba mwenye sauti ya kuamrisha, alimwita dada kando nyuma ya jiko. Wakarudi baada ya muda wote wawili wanacheka. "Anaweza kuingia," bibi akamwambia mumewe, na suala likaisha hapo.

Mzee alikuwa na ombi moja la mwisho: jina la kijiji lisitangazwe. Kuna vijana walishawahi kuja na pikipiki na spika, wakaruka majini, wakaacha chupa. Nikamwahidi. Ndiyo maana.

Jioni tukashuka kupaangalia. Ni shimo ndani ya jiwe la matumbawe ya kale, lile jiwe jeupe lenye ncha ambalo pwani nzima imekaa juu yake. Mdomo wake una upana wa nyumba ya vyumba viwili. Ngazi zimechongwa kwenye jiwe, zimelika katikati kwa miguu ya wachota maji wa miaka isiyohesabika. Mizizi ya mkuyu inateremka mita saba hewani mpaka inagusa maji. Pembeni kuna chetezo na vitambaa vyeupe. Popo wako juu, mbayuwayu wako chini yao. Maji yenyewe sikuyaona mpaka nilipoyakanyaga. Yalikuwa yametulia na kuwa safi kiasi kwamba nilidhani jiwe la chini ni ngazi nyingine, nikashuka nikalowa mpaka gotini. Bibi, aliyetufuata na ndoo, alicheka kwa raha kabisa.

Fundi akatueleza kisa cha pampu pale pale kwenye ngazi. Zamani watu walichota kwa kata na ndoo. Miaka miwili iliyopita mkandarasi akaja na sola na pampu ya kuzamishwa, akaining'iniza chini kabisa ili kiangazi kikija isibaki hewani ikaungua, akavuta bomba mpaka vilula viwili kijijini. Shangwe. Baada ya miezi kadhaa chai ikaanza kukataa sukari, na maharage yakawa hayaivi. Watu wakasema bomba lina kutu. Wengine wakasema wenyewe wamekasirika. Halafu kamba ya pampu ikakatika, pampu ikaenda chini na kuteleza ndani ya mwamba, na wanawake wakarudi kwenye ngazi na ndoo zao. "Na sasa chai ikoje?" nikauliza. Fundi akaonekana kama mtu aliyeulizwa jambo la aibu. "Chai sasa nzuri."

Usiku tulikula ming'oko ya kuchemsha na pweza barazani kwa mzee. Mazungumzo yakafika kwa Kinjikitile, kama yanavyofika kila mara maji na mizimu vikitajwa upande huu. Kule Ngarambe, mwaka 1904, alichukuliwa na pepo akazama bwawani, ndugu zake wakalala ukingoni wakimlilia, na kesho yake akatoka nguo zake zikiwa kavu. Mwaka uliofuata Vita vya Maji Maji vikawaka, na Agosti ileile ya 1905 Wajerumani wakamnyonga. Bibi akanitazama, akatazama mitungi iliyopangwa ukutani. "Yule aliingia bila machupa akatoka mkavu. Nyie na machupa yote haya mtatoka mmelowa."

Kabla ya kulala dada akanifunga kanga machoni. Alikuwa ameufunga mshipi kutoka nguzo ya baraza mpaka mkorosho, akauzungusha kwenye kinu, akaupitisha chini ya kitanda cha kamba, na akaniamuru niufuate kwa vidole bila kuuvuta: kidole gumba na cha shahada vinafanya pete, mshipi unapita katikati. Mkono mwingine unashika mkono wa mwenzako. Ukisukumwa mbele, nenda. Ukibanwa, simama. Watoto wa kijiji kizima walikusanyika. Nilipiga goti kwenye kinu mara mbili. Dada hakuniachia mpaka nilipofika mara ya tatu bila kuupoteza.

Jumamosi

Mwezi ni mpevu, kwa hiyo bahari iko kwenye bamvua, na asubuhi imekupwa mbali sana. Saa nne tulishuka na kijiti tulichokiweka alama jana jioni wakati bahari imejaa. Maji ya pango yalikuwa yameshuka upana wa vidole vinne. Pango haliko ufukweni, bahari huioni kutoka pale, lakini linapumua nayo kupitia matundu ya jiwe. Fundi alikitazama kile kijiti muda mrefu.

Sola ilishakatwa tangu jana, na fundi aliing'oa waya yenyewe kwa mikono yake nikimwangalia. Maji na umeme sitaki kuambiwa, nataka kuona.

Risasi za mkanda, ule uzito wa kumzamisha mzamiaji, nilipunguza. Baharini nabeba kilo sita. Maji baridi ni mepesi kuliko ya chumvi kwa karibu asilimia mbili na nusu, na ukichanganya mwili wangu na vifaa vyote, hiyo ni kama kilo mbili na kitu. Nikabeba nne. Anayesahau hili anazama kama nanga na kutifua matope yote ya chini kabla hajaanza kazi.

Hewa tuligawa hivi: tunaingia na 200, na wa kwanza kufika 140 anatoa ishara na wote tunageuka. Bar 60 kwa mtungi wa lita 12 ni lita 720. Kwa kina cha mita 10 mtu mtulivu anatumia kama lita 40 kwa dakika. Dakika 18, basi. Dada akanipunguzia nyingine nne kwa sababu, alisema, mimi si mtu mtulivu. Kina si kirefu, lakini sikutaka mchezo hata hivyo. Nimewaona vijana wa majongoo ya bahari wakirudi nyumbani miguu imepooza kwa kukaa chini mno na kupanda haraka, na chemba ya mgandamizo ya kutibia ugonjwa huo ninayoijua iko Unguja.

Kamba ya manila ilikuwa ya pampu. Vijana sita juu ya ngazi, chini ya usimamizi wa fundi. Mpango: tunaifunga kwenye pampu, tunatoka, tunakaa kwenye ngazi tukiwa hai, ndipo wanavuta. Kama kuna haja, mivuto mitatu ndiyo ishara ya kuvuta. Mivuto mitatu. Tulirudia mara nyingi.

Saa sita kasoro dakika kumi tulikuwa majini mpaka kifuani. Mzee alifukiza ubani, akasema maneno yake taratibu, akakaa. Na hapo ndipo jua lilipofika. Lindi iko kama nyuzi 10 kusini ya ikweta, na jua la safari yake ya kusini hupita juu kabisa ya vichwa vyetu siku hizihizi, karibu na tarehe 20 Oktoba, na tena Februari likirudi. Siku nyingine zote mwanga unagonga ukuta. Leo uliteremka wima kama nguzo, ukapasua maji, ukaenda mpaka chini. Mzee hakushangaa hata kidogo. Ndiyo siku aliyotupa.

Tukazama.

Sijui nilinganishe na nini. Baharini, hata siku njema ya matlai pale Msimbati, maji yana kitu ndani yake, uhai, chembechembe, rangi. Haya hayakuwa na kitu. Nilijiona nimening'inia hewani ndani ya nyumba. Mizizi ya mkuyu ilikuwa imeota ndevu nyekundu za vijizizi, na ndani yake wakaruka kamba wadogo, weupe kama ukucha, wasioonekana mpaka wasogee. (Nyekundu imo pangoni tayari, nikawaza. Labda ndiyo maana haitakiwi nyingine.) Sauti pekee ni pumzi yangu. Baharini daima kuna mlio, matumbawe yanalia kama mafuta kwenye kikaango. Hapa, kimya. Na nikikumbuka miaka ya baruti, tulipokuwa tunasikia mshindo majini wa bomu lililopigwa mbali hata boti yake hatuioni, kimya kile kilinipa raha ya ajabu.

Dada aliufunga mshipi kwenye mzizi nje, kama mzee alivyosema, akaurudia kwenye jiwe la pili ndani ya mwanga, kisha akaanza kuufungua taratibu. Tunapiga mapezi kama chura, kwa pembeni, ili upepo wa maji usigonge chini. Sakafu inateremka kwa mteremko na kuingia chini ya paa la jiwe. Mita tano. Sita. Nikageuka: nguzo ya jua iko pale, kubwa, kijani. Mita nane.

Karibu na mita tisa, dada alipotelea kwenye kioo kibovu.

Ndivyo nilivyoona. Mwili wake kuanzia kiuno kwenda chini ulikuwa unatikisika kama lami ya saa saba mchana inavyotikisika mbele ya gari. Nikaogopa barakoa yangu ina mafuta. Nikashuka nusu mita nikapita ndani ya ule utelezi, sioni vizuri, na ghafla nikatokea chini yake na kila kitu kikawa safi tena, maji yakiwa na joto kidogo kuliko ya juu. Mwili ukawa mwepesi, unataka kupanda. Hapo nikaelewa. Nililegeza midomo pembeni ya kipumulio, nikaonja.

Chumvi. Chumvi ya bahari.

Nilitazama juu na nikauona mpaka wenyewe, umenyooka kama meza ndani ya pango zima. Juu yake maji ya bibi, chini yake bahari. Na pembeni ya ukuta, ikining'inia kutoka juu, ilikuwa ile kamba kuukuu ya pampu iliyokatika. Ncha yake iliishia mita mbili chini ya mpaka, kwenye kina cha mita kumi na moja. Pale ndipo pampu ilipokaa miezi yote ile ikinyonya.

Yenyewe ilikuwa chini zaidi, mita 13, imelala kifudifudi chini ya ukingo wa jiwe kama samaki mkunga aliyekufa. Geji yangu 155. Mwanga wa mlango bado nauona, mdogo sasa. Dada akaenda kwenye pampu, mimi nikabaki nyuma nikimpokeza kamba ya manila. Akafunga fundo, akalijaribu, akaongeza la pili. Akanionyesha kidole gumba: twende nje.

Nikageuka, na pezi la kuazima, lile linalobana, lilikuwa limeingia kwenye kamba. Kisigino changu hakikuhisi kitu kwa sababu kilishakufa ganzi. Nikapiga teke. Nikapiga tena. Kisha, kama mjinga, nikapiga la tatu.

Mivuto mitatu.

Juu kule vijana sita walikuwa wanaisubiri ishara hiyo kwa hamu tangu asubuhi. Kamba ikakaza, pezi likatoka mguuni, pampu ikaruka kutoka chini ya jiwe na kulima mteremko mzima. Matope ambayo hayajaguswa tangu Adamu yakapanda. Sikuona yakija. Nilikuwa naona, halafu sioni. Tochi mbele ya barakoa ilikuwa kama taa ya gari kwenye moshi wa kuchoma shamba, inakuangazia moshi tu.

Nataka kuwa mkweli kuhusu zile sekunde. Sikukumbuka kozi, sikukumbuka Exley. Nilikumbuka kinu cha mzee na watoto wanaocheka. Mkono wangu wa kushoto ulikuwa tayari kwenye mshipi, vidole vimefanya pete, sijui ulifika lini. Kisha mkono ukanishika juu ya kiwiko na kunibana. Simama. Nikasimama. Tukakaa pale gizani kama pumzi nne tano, zake nazisikia, ndefu, zimepangwa, na zangu zikaanza kufuata zake. Kisha ukanisukuma. Nenda.

Mshipi ukapita jiwe, ukapinda kulia, ukapanda. Nilijua tumevuka mpaka kwa sababu maji yalipoa usoni. Hapo tope likabaki chini yetu, limekwama kwenye maji ya chumvi kama wingu lililogoma kuvuka mlima, na mbele yetu nguzo ya jua ikatokea mzima mzima, haina habari. Tulitulia dakika tatu kwenye kina cha mita tano tukishika mizizi, kamba wadogo wakinipanda kwenye vidole vya mguu usio na pezi. Geji 120.

Tulipotoa vichwa, fundi alikuwa anaruka kwa furaha. Pampu iko kwenye ngazi! Dada alivua barakoa, akamtazama, akanitazama mimi. Alichosema si cha kuandikwa. Kilikuwa changu zaidi kuliko cha fundi, na nilistahili. Mzee hakusema lolote, alikuwa anatazama maji. Juu yalikuwa bado safi. "Mmevuruga ya chini," akasema hatimaye, bila hasira, kama mtu anayeeleza hali ya hewa.

Bibi akatupa kanga kavu. "Si nilisema."

Jumapili

Asubuhi tulikaa na kamati ya maji chini ya mwembe, na nikachora mchangani. Maji matamu ni mepesi, yanaelea juu ya ya bahari ndani ya jiwe. Wahandisi wawili wa Ulaya, Mholanzi na Mjerumani, waliiona hesabu yake zaidi ya miaka 100 iliyopita, kila mmoja kivyake: kwa kila sehemu moja ya maji matamu inayosimama juu ya usawa wa bahari, kuna kama 40 chini yake. Mpaka wetu uko mita tisa. Gawanya kwa 40. Nikanyoosha kiganja, gumba mpaka kidole kidogo. Shubiri moja. Maji yote ya kijiji hiki yamesimama juu ya bahari kwa shubiri moja, na ukiipunguza shubiri hiyo kwa kunyonya kwa pupa, chumvi inapanda kukutana na wewe hata pampu ikiwa juu.

Mwenyekiti akauliza basi pampu ikae wapi. Kabla sijajibu mzee alisema, kutoka nyuma, neno lile alilolisema siku ya mkandarasi: "Ya juu ya watu, ya chini ya wenyewe." Fundi akaangalia chini. Kisha akasema, na nilimheshimu kwa hilo, kwamba mkandarasi hakukosea vitabuni. Pampu kuwekwa chini ndivyo wanavyofundishwa, kwa kisima cha bara. Wakakubaliana iwe mita tatu chini ya usawa wa kupwa, ifungwe kwenye boya ili ipande na kushuka na maji, na iwashwe asubuhi na jioni kidogo kidogo kujaza tangi badala ya kutwa nzima. Kulikuwa na ubishi mrefu wa nani atalipia boya. Sikuusubiri uishe.

Dada alirudi pangoni peke yake kuufungua mshipi uliobaki kwenye mzizi, bila kuzama, miguu majini tu. Nilimkuta ameketi ngazini na mzee, anamweleza habari za kile kibao cha Florida. Mzee alitaka kujua picha ya kifo inavaa nguo ya rangi gani. Nyeusi, dada akamwambia. Mzee akatikisa kichwa, akaridhika.

Pezi langu, yaani la dada, halikuonekana. Limo ndani, mahali fulani kwenye mita 13. Nimemwomba mzee anitunzie.

Tulipakia kochoho, yale mabibo makavu, na mfuko wa ming'oko tuliopewa na bibi, tukamshusha fundi na pampu yake Lindi, na saa mbili usiku nikawa nyumbani Mikindani. Nikafanya ninachofanya kila nikitoka kuzamia: nikafungua bomba, nikaweka pipa, nikaanza kujaza maji ya kuoshea vifaa chumvi. Lilifika nusu ndipo nikakumbuka kwamba kwenye kupanda tulipita mita tisa nzima za maji ya bibi, na hakuna kilichobaki cha kuosha. Nikafunga bomba. Asubuhi mke wangu akayafulia.